Jumapili ya Vuli katika Ngome ya Bagamoyo

Yamkini wewe, ndugu msomaji, ni mmoja wa wale waliokaa Dar es Salaam miaka kumi au ishirini, ukaenda kazini na kurudi, ukazika na kuoza, na bado hujapata kuzuru Bagamoyo. Usione haya. Mimi mwenye kuandika haya nimefika huko mara nyingi kwa kazi ya gazeti, leo mkutano, kesho tamasha la sanaa, na kila mara niliipita ngome kongwe ya mji ule bila kuingia ndani. Nilijiambia kuwa muda hautoshi. Sababu ya kweli ni kwamba nyumbani kwetu ngome ile haikuwa ikitajwa.

Babu yangu mzaa mama, ambaye sasa amepita miaka themanini na anakaa nasi Temeke, alikuwa askari wa magereza katika ujana wake. Mwaka 1969 alihamishiwa Bagamoyo, na huko alifanya kazi ndani ya ngome hiyo hadi mwaka 1974, ilipoacha kuwa gereza. Tangu hapo hakutia mguu humo. Tulipokuwa wadogo tukimwuliza habari za huko, alikuwa akitutuma maji.

Mwezi wa Novemba mwanangu, kijana wa miaka kumi, alirudi kutoka shuleni na somo la misafara ya biashara, akataka kuiona Bagamoyo kwa macho yake. Nikamwahidi Jumapili. Jumamosi usiku babu, aliyekuwa akisikiliza redio pembeni, akasema bila kugeuka, "Na mimi nitakwenda." Hakuongeza neno.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka katikati ya jiji ni kiasi cha kilomita 70, na barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Basi dogo la abiria litakupitisha Tegeta na Bunju, kisha Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, na kila kituo mama lishe na wauza machungwa watakimbilia dirishani. Ondoka mapema. Ukiondoka saa moja ya asubuhi utawahi kabla ya jua kali, tena katika majira haya ya vuli utakuwa umewahi kabla ya mvua, ambayo aghalabu huja baada ya adhuhuri. Sisi tulichelewa, kwa kuwa babu hakukubali kusafiri bila kupiga pasi kanzu yake.

Majira ya vuli ndiyo wakati mzuri wa kuiona pwani hii, ijapokuwa wengi huogopa matope. Upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujakaza, bahari imelala. Minazi na miembe imeoshwa vumbi. Hata kuta za mawe, ambazo wakati wa kiangazi hung'aa hadi macho yakauma, huwa na rangi ya kijivu iliyopoa, na mtu huweza kuzitazama kwa makini.

Basi likikushusha, shika njia ya kwenda mji mkongwe, na kabla ya kuifikia ngome yenyewe tazama kwanza mnara mdogo wa mviringo wa Dunda. Wapitao wengi hudhani ni tangi la maji. Ni mnara wa vita, uliojengwa na Wajerumani mwaka 1889 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye ghorofa mbili na matundu membamba ya kupenyezea mitutu ya bunduki. Askari waliokuwamo walipanda kwa ngazi ya nje, ambayo waliweza kuiondoa. Mwanangu aliuzunguka mara mbili akihesabu matundu, kisha akauliza swali ambalo mtu mzima huwa halimjii: "Walikuwa wakimwogopa nani?"

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata kwa Sultani wa Zanzibar haki ya kusimamia pwani na kutoza ushuru, na mwezi wa Agosti watu wake wakaanza kushusha bendera na kuwaamuru watu katika miji yao wenyewe. Miji ya pwani ikainuka. Upande wa Pangani na Bagamoyo aliongoza Abushiri bin Salim, na Saadani aliongoza Bwana Heri. Tarehe 22 Septemba 1888 watu wa Abushiri waliingia Bagamoyo, na kampuni iliokolewa na wanamaji walioshushwa kutoka manowari ya Kijerumani. Serikali ya Ujerumani ikatambua kwamba kampuni peke yake haiwezi, ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi wa Mei 1889 aliivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri alikamatwa baadaye, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mnara wa Dunda ni wa mwaka huohuo. Nilimjibu mwanangu kwamba walikuwa wakiwaogopa wenye mji.

Siku chache kabla ya Abushiri kunyongwa, mwanzoni mwa Desemba hiyohiyo, Wajerumani wa Bagamoyo walikuwa katika karamu. Henry Morton Stanley alikuwa amewasili kutoka bara pamoja na Emin Pasha, aliyekuwa mtawala wa jimbo la kusini mwa Sudani na ambaye Stanley alikuwa ametumwa kumwokoa. Usiku ule wa shangwe Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu sana, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwa, akalazwa kwa muda mrefu. Mtu aliyefika kutoka bara akiwa mzima akaja kuangushwa na karamu ya kumpokea! Watembezaji wa wageni hupenda sana kisa hiki, na mimi siwalaumu.

Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897, utaliona kwa urahisi, kwani ni jengo kubwa. Lilijengwa wakati Bagamoyo ilikwisha pokonywa makao makuu, maana tangu mwaka 1891 serikali ya Kijerumani ilikuwa imehamia Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Maji ya Bagamoyo ni mafupi, yanafaa majahazi na mashua. Meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali. Kwa hiyo jengo hilo lote la fahari lilikuwa la ofisi za wilaya tu. Tulilitazama, tukapita.

Sasa tuje kwenye ngome.

Usitegemee kuona kitu cha kutisha kama Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno waliijenga baina ya mwaka 1593 na 1596 ili kushindana na mizinga ya baharini. Ngome ya Bagamoyo ilianza kama nyumba. Mwarabu mmoja, Abdallah Suleiman Marhabi, aliijenga kiasi cha mwaka 1860, nayo huhesabiwa kuwa jengo la mawe kongwe kupita yote yaliyosimama katika mji. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi 1888, aliifanya kituo cha askari wake. Wajerumani wakaikuta imetengenezwa tayari, wakaingia. Waingereza, waliouteka mji mwezi wa Agosti 1916, wakaifanya gereza. Ndani kuna ua, vyumba virefu vyenye giza, ngazi ya kupandia juu, na paa la sakafu lililobebwa na boriti za mikoko. Ukiwa juu unaiona bahari yote.

Mtembezaji wetu alikuwa kijana mpole, aliyeisoma kazi yake. Alimwamkia babu kwa heshima, akamshika mkono kwenye kizingiti, akamwambia, "Karibu mzee wangu, tahadhari hapo pana utelezi." Babu akaitikia marahaba, akanyamaza. Kijana akaanza habari za watumwa: vyumba walimofungiwa, na njia ya chini kwa chini ambayo inasimuliwa kuwa walipitishwa hadi ufukweni usiku. Utasikia habari hii nawe, ndugu msomaji, na ningependa uisikilize huku ukikumbuka mambo mawili. Kwanza, biashara ya watumwa ilikuwa kweli na ilikuwa ovu, na haihitaji handaki ili iwe ovu. Pili, katika karne ya kumi na tisa bandari kuu ya watumwa ya pwani hii ilikuwa Kilwa, ambapo Bagamoyo iliishi hasa kwa pembe za ndovu, na pembe hizo zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walioajiriwa kwa ujira. Walishuka kutoka Tabora na Ujiji kwa miezi, wakatua mizigo hapa, wakangoja msafara wa kurudi. Kuna wasemao kwamba jina la mji, "bwaga moyo", ni kilio cha mtumwa anayeiacha nchi. Wengine husema ni pumzi ya mpagazi aliyefika. Mimi huuamini zaidi usemi wa pili, kwani aliyebeba pembe kutoka Ujiji alikuwa na haki ya kuupa mji jina.

Kutoka kwa watumwa kijana akaenda kwa Barghash, kutoka kwa Barghash kwa Wajerumani, akataja Waingereza kwa sentensi moja, kisha akasema, "Na sasa jengo lipo chini ya Mambo ya Kale." Mwanangu alikuwa akiandika kila kitu katika daftari lake, jina chini ya jina. Babu alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha pili kutoka ngazini, mikono nyuma, kama mtu anayekagua.

Ndipo mvua ikashuka. Si manyunyu. Mvua ya vuli ya pwani huja kama mtu aliyemwaga gunia la mchele juu ya mabati. Wageni wengine waliokuwa uani walikimbilia nje kwenye magari yao, na sisi, tusiokuwa na gari, tukaingia katika chumba kile alichosimama babu. Mtembezaji naye akaingia. Tukakaa humo, kwa saa nilizotazama, dakika hamsini. Ilikuwa hatuwezi kutoka.

"Humu walilala watu kumi na wanane," babu akasema.

Kijana akageuka. "Watumwa, mzee?"

"Wafungwa. Mwaka sabini na moja. Huyu akilala mguu wa huyu." Akaonyesha pembe moja ya chumba. "Pale palikuwa na ndoo. Mikeka ilipangwa hivi, vichwa ukutani. Taa ilikuwa moja, nayo iko nje, koridoni, tuliishika sisi."

Mwanangu akaacha kuandika. Akauliza wafungwa wale walikuwa wamefanya nini. Babu alimtazama kitukuu chake kwa muda, kisha akamjibu kama anavyomjibu mtu mzima. Wengi walikuwa watu wa kesi ndogo. Huyu kaiba nazi, huyu kapika gongo, huyu kapigana kilabuni. Wachache walikuwa wabaya kweli. Jumapili, akasema, wake zao walikuja wakakaa nje chini ya mti na vikapu, na kwa kuwa mji ni mdogo yeye aliwajua wote. Alinunua samaki kwao siku za kazi. Watoto wao walimwamkia njiani. "Nilikuwa nikifunga mlango huu jioni, asubuhi nikamkuta mke wa niliyemfungia sokoni, akanipunguzia bei. Sikujua nimtazame vipi."

"Ulikuwa mkali, babu?" mwanangu akauliza.

"Nilikuwa kijana," babu akasema.

Mtembezaji wetu alikuwa amekaa juu ya kizingiti akisikiliza, mikono magotini. Baadaye aliniambia kwamba ametembeza wageni kwa miaka sita, na habari za gereza la baada ya Uhuru hakupata kufundishwa na mtu, wala mgeni hajapata kuziuliza. Hana kosa. Wageni huja kutafuta Waarabu na Wajerumani, nao huonyeshwa. Lakini hebu hesabu mwenyewe. Wajerumani waliishika ngome hii muda usiofika miaka thelathini. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na lango likaendelea kufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi kwa miaka mingine kumi na mitatu, funguo zikiwa mikononi mwa watu wetu na ndani wakiwamo watu wetu. Wako wazee wa Bagamoyo waliokaa humu kwa makosa ambayo wajukuu wao wamekwisha yasahau. Hao hawamo katika masimulizi ya mtembezaji.

Wala jambo hili si la Bagamoyo peke yake. Ngome za pwani yetu zote, aliyezijenga awe nani, ziliishia njia moja. Ngome ya Yesu ilifanywa gereza na Waingereza mwaka 1895, ikaendelea hivyo hadi 1958. Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kushindwa Mombasa mwaka 1698, nayo ilipata kuwa mahali pa kufungia watu. Na ngome ya Kilwa Kisiwani, ambayo Waomani waliijenga kiasi cha mwaka 1800 juu ya mabaki ya ile ya Wareno ya mwaka 1505, wenyeji huiita hadi leo kwa jina moja tu: Gereza. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba neno lenyewe limetoka kwa Wareno, kutoka "igreja", maana yake kanisa, kwa kuwa ndani ya ngome zao mlikuwa na kanisa. Wenyeji walisikia jina la jumba la sala, wakaona kinachotendeka ndani ya kuta, wakalitumia neno kwa kile walichokiona.

Nadhani sababu ni nyepesi. Ngome hujengwa kwa ajili ya adui atakayetoka baharini, na adui huyo huja mara moja katika miaka hamsini. Siku nyingine zote jengo lipo, kuta ni nene, lango ni moja. Mwenye madaraka yeyote akilitazama jengo la namna hiyo hawezi kukosa kufikiri la kuwekea.

Mvua ilipopungua babu alitoka uani bila kungoja mtu, akaanza kuutazama ukuta wa ndani, upande wa kusini, akienda taratibu na kurudi. Nikamfuata na mwavuli. Hapo ndipo alipotueleza kilichomleta.

Katika vuli ya mwaka 1972 kipande cha ukuta wa ua kilibomoka kwa mvua. Miongoni mwa wafungwa alikuwamo fundi mwashi, mtu wa pwani, aliyefungwa kwa ugomvi. Akaitwa, akapewa saruji, akaagizwa azibe. Akaikataa saruji. Alisema ukuta huu ni mzee, umezoea chokaa, na ukimtilia saruji hautapumua.

Hapa nitoke kidogo nje ya kisa, maana fundi yule alikuwa anasema kweli, na wako wenye nyumba kongwe wanaohitaji kuisikia. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na chumvi, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiupaka saruji umeziba pumzi zake. Unyevu hubaki ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya misimu michache jiwe la zamani huanza kumumunyika nyuma ya plasta iliyo ngumu na nzuri. Nyumba nyingi za pwani zimeuawa na watu waliotaka kuziokoa.

Basi bwana jela wa wakati huo, baada ya mabishano, akakubali. Babu akapewa kazi ya kumlinda fundi huyo, na kwa wiki tatu wawili wale walikuwa pamoja mchana kutwa. Walikusanya matumbawe ufukweni maji yalipokupwa, wakapanga kuni duara, wakapanga mawe juu yake, wakachoma tanuri usiku kucha. Babu aliacha bunduki yake imeegemea mnazi, akasomba kuni. Chokaa ikapatikana, ikamwagiwa maji, ikaachwa ilale, kisha ikachanganywa na mchanga, na ukuta ukapanda jiwe kwa jiwe.

"Siku alipomaliza," babu akasema, "aliniuliza, 'Afande, nikitoka, naweza kuja na watoto wangu niwaonyeshe?' Nikamcheka. Nikamwambia, nani ampeleke mtoto wake jela?"

Mvua ilikuwa imekwisha kabisa, jua limetoka, na kuta zikaanza kukauka. Tukaona jambo ambalo asubuhi, kuta zikiwa kavu, hatukuliona. Sehemu zilizozibwa kwa saruji zilijitenga zenyewe, rangi yake mbali, na pembeni mwake rangi nyeupe imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na unyevu umebaki. Mahali pengine pote ukuta ulikauka kwa pamoja. Babu alikwenda mpaka palipo karibu na pembe, akaweka kiganja. Akasogea hatua tatu, akaweka tena.

"Ni hapa," akasema. "Au pale."

"Hupakumbuki?" nikamwuliza.

"Napakumbuka. Ila hapaonekani." Akapapasa tena. "Kama hapaonekani, basi ndipo."

Mtembezaji akaja naye akaugusa. Mwanangu akataka kujua jina la fundi yule, na babu akamtajia, jina lake na la baba yake, bila kusita hata kidogo, kana kwamba alikuwa akisoma daftari la zamu. Mwanangu akaliandika. Sitaliandika hapa gazetini, kwa kuwa yamkini watoto wake wako hai na hatukuwauliza. Lakini katika daftari la shule lipo, mstari wa mwisho, chini ya Marhabi, Barghash, Wajerumani na Waingereza. Kijana wa kutembeza wageni aliomba kunakili.

Yaliyosalia nitayapitisha upesi. Tulikwenda ufukweni penye soko la samaki, tukala pweza na ndizi. Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako maiti ya Livingstone ilipokewa mwezi wa Februari 1874 baada ya kubebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka katikati ya bara, inastahili siku yake peke yake, na sisi hatukuwa na muda. Magofu ya Kaole vivyo hivyo. Penye kibao kinachoonyesha mahali Wajerumani walipowanyongea wananchi waliowapinga tulisimama kidogo. Babu alivua kofia.

Ukienda, chukua mwavuli na fedha ndogondogo za kiingilio na nauli, na uvae viatu visivyoteleza, hasa kwa ajili ya ngazi ya kupandia juu. Ukiwa na mzee aliyeijua Bagamoyo ya zamani, mchukue naye. Usimwulize kitu njiani. Basi la kurudi tulilipata saa kumi na moja na nusu, limejaa. Kondakta alimwondoa kijana mmoja kitini ili babu akae, naye babu alilala kabla ya kufika Kiromo, mikono yake ikiwa bado na weupe wa chokaa kwenye vidole.